Hukumu Kabla ya Sura ya Kwanza

Anna Karenina wa kwanza hakuwa mzuri. Katika rasimu ambazo Leo Tolstoy alizianza mwaka 1873, mke anayemwacha mumewe ni mwanamke mnene, mwenye paji dogo la uso na pua fupi iliyobetuka, na mienendo isiyo na staha mbele za watu. Wala hakuitwa Anna, aliitwa Tatiana. Aliyependelewa ni mume: mtu mpole, mwenye huruma, anayelipwa mabaya kwa wema wake. Levin na Kitty, ambao leo wanabeba sehemu kubwa ya kitabu, hawakuwemo kabisa. Kilichokuwemo ni shauri lililokwisha kukatwa: mke amekosa, mume ameonewa, na mwisho unajulikana.

Mwisho ulijulikana kwa sababu Tolstoy alikuwa ameuona kwa macho yake. Januari 1872, katika stesheni ya Yasenki karibu na shamba lake, mwanamke aliyeitwa Anna Pirogova, aliyekuwa akiishi na jirani mmoja wa Tolstoy mwenye ardhi, alijitupa chini ya treni baada ya jirani huyo kumgeuzia uso na kumtaka mwingine. Tolstoy alikwenda, akauona mwili ukichunguzwa na madaktari. Kwa hiyo treni ilitangulia, mtu akaja baadaye. Mwandishi alikuwa na kifo tayari, akaanza kutafuta wa kumpa.

Rasimu zikafuatana. Kitabu kilianza kutoka kwa mafungu katika jarida mwaka 1875, na kufikia 1877 kilikuwa kimekamilika. Muda wote huo treni haikuhama. Kilichohama ni kila kitu kilichokuwa kikielekea kwenye treni. Anna akapata uzuri, akapata akili, akapata mapenzi makali kwa mwanawe. Mume akapoa, akawa mtu wa mafaili na saa. Levin akaingia na mashamba yake na mashaka yake juu ya Mungu. Msomaji ambaye mwanzoni alitegemewa aseme kwamba mwanamke huyu amepata alichokitafuta, anafika stesheni mwishoni akiwa hana uhakika hata kidogo nani alitafuta nini.

Sisi tunaoandika riwaya tunapenda kulalamika kuhusu msuko. Sura ya nne imelala, sura ya tisa inakimbia mno, taharuki imekatikia njiani. Tunachukua karatasi, tunachora mishale, mauaji yaliyokuwa katikati tunayaleta mwanzo, kisha kisengerenyuma kinaitwa kuja kuziba mwanya. Nimeona miswada iliyopangwa upya namna hiyo ikawa na mpangilio mzuri kuliko awali na ikabaki imekufa vilevile. Ninavyoona mimi, msuko ukikwama, aghalabu kilichokwama ni hukumu. Mwandishi alishaamua nani ni nani kabla hajashika kalamu, na matukio yamebaki na kazi moja tu, kutekeleza uamuzi. Tukio la namna hiyo halina pa kwenda. Linatokea kwa sababu limetumwa.

Kiswahili kina historia yake katika jambo hili. Shaaban Robert aliwapa watu wake majina ambayo yenyewe yalikuwa hukumu: Adili, Utubora, Karama, Majivuno. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ni kitabu kizima cha kesi, na ukishasikia kwamba mshtaki anaitwa Majivuno na mshtakiwa Karama, huna haja ya wakili. Wako wanaouona huo kuwa udhaifu. Siafikiani nao. Msomaji wa Shaaban Robert hakuja kuuliza nani mwema. Alikuja kuona wema utapenyezwa kwenye tundu gani la sindano. Mwandishi na msomaji walikuwa wameafikiana hilo kabla ya ukurasa wa kwanza, kama walivyoafikiana watunzi wa tenzi na wasikilizaji wao kwa karne kadhaa. Shida inaanza pale mwandishi wa leo anapoyavunja maafikiano hayo nusu nusu: wahusika wake anawaita Juma na Rehema, lakini moyoni bado anawaita Majivuno na Utubora.

Euphrase Kezilahabi aliyavunja yote. Mwaka 1971 alimchukua msichana, akampa jina la sifa ya Bikira Maria, Rosa Mistika, kisha akamwacha aanguke kila mahali ambapo jina hilo halikutakiwa kufika. Rosa anajiua, na hapo ndipo kesi inapoanza kusikilizwa, ng'ambo ya kaburi, baba yake Zakaria naye akitakiwa kujibu. Ukali wa yule mzee, uliokuwa umesimamishwa kama ulinzi wa bintiye, unarudi ukiwa swali. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda, na baadaye kikawa cha kufundishia. Sishangai kwamba kilisumbua. Kilichosumbua, nadhani, si yale mambo ya mwilini. Ni kwamba msomaji alinyang'anywa haki yake ya kumlaani mtu mmoja akalala usingizi.

Na shule yenyewe, ambayo ndiyo soko kubwa la riwaya ya Kiswahili, Kenya na Tanzania, haitusaidii sana. Tulifundishwa kuwagawa watu wa vitabuni katika mafungu mawili, wahusika bapa na wahusika duara. Mgawanyo huo ulitoka kwa E. M. Forster, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka 1927, na umekaa vizuri mno kwenye karatasi za mitihani. Taja sifa nne za mhusika mkuu. Eleza ujumbe wa mwandishi. Mwandishi anayejua kwamba kitabu kisipoingia kwenye orodha ya vitabu teule kitauzwa kwa marafiki na ndugu, anaanza kulisikia swali hilo wakati bado anaandika. Anaandaa majibu. Mhusika ambaye sifa zake nne zimekwisha tajika ni faili lililofungwa, hana sababu ya kuendelea kuishi hadi ukurasa wa 200.

Riwaya ninayoiandika inatokea kusini kabisa mwa Tanzania, katika nchi ya korosho, msimu wa 2018. Kijiji ni cha kubuni, ingawa mtu wa Tandahimba au Newala atakitambua kwa vumbi la salfa kwenye majani ya mikorosho na kwa uraka unaouzwa kwa kikombe nyuma ya nyumba. Rasimu ya mwanzo ilikuwa na mwizi. Alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi, na wakulima walimwita Kasorobo, kwa kuwa kila gunia lililopita mkononi mwake lilitoka na upungufu. Hakuwa na jina jingine. Nilimpa kitambi, pikipiki mpya, na saa kubwa ya rangi ya dhahabu ambayo aliitazama kila anapoongea na maskini. Alikuwepo pia Somoe, mjane aliyeachiwa mikorosho na marehemu mumewe. Kazi yake ilikuwa kuonewa katika sura ya tatu, kulia, na kutoweka. Baada ya hapo manung'uniko, siri kufichuka, hasira, ghala kuchomwa moto.

Ukiusikia hivyo, msuko huo haukosi kitu. Una mwanzo, una kilele, una moshi. Lakini nilipofika kwenye moto sikuwa na hamu ya kujua nani ataungua.

Kilichobadilisha mambo si ufundi wa uandishi, ni maelezo ya kazi. Mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa mizani, aliyekwisha kustaafu siku nyingi, alikubali kunionyesha gunia linavyopimwa. Mizani ya kuning'iniza imefungwa kwenye boriti. Vijana wawili wanalinyanyua gunia, wanalipachika kwenye ndoano, gunia linayumba. Mshale unapanda, unashuka, unatetemeka. Karani mwenye haraka anasoma kabla mshale haujatulia. Karani mwenye nia mbaya naye anasoma kabla haujatulia, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Mkulima anatazama mshale. Karani anatazama foleni. Kisha inatajwa namba, inaandikwa, stakabadhi inachanwa, gunia linashushwa na kutupwa juu ya mengine, na kuanzia dakika hiyo hakuna tena korosho za Somoe wala za nani. Kuna korosho za chama.

"Sasa sikiliza, mwanangu," mzee akaniambia. "Korosho haitulii. Inakauka hata ukiwa umelala."

Akanifanyia hesabu. Korosho zikiletwa na unyevu kidogo, zikakaa ghalani kijijini zikisubiri lori, zitapungua uzito bila mtu kuzigusa. Wenyewe wanaita unyaufu. Chukua tani 10 zilizopimwa kijijini. Zikipungua asilimia 1 tu hadi kufika ghala kuu, zimekosekana kilo 100. Kule ghala kuu zinapimwa upya, na namba inayosikilizwa ni ya kule. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, hizo 100 ni shilingi 330,000. Wakulima wameshaandikiwa stakabadhi zao kwa uzito wa kijijini. Pengo litadaiwa kwa nani?

Hakusubiri nijibu. "Kwa mwenye kalamu," akasema. Katika siku zake, aliniambia, alijifunza kumpunguzia kila mtu kidogo, nusu kilo huku, kilo moja kule, ili lori likifika lisimkute na deni. Msimu wa jua kali kilo hizo zilikwisha zote kwa unyaufu. Msimu wa mawingu zilibaki. Na zilizobaki? Hapo mzee akacheka, akaomba maji ya kunywa.

Nilirudi na kicheko hicho. Karani wangu wa kwenye karatasi hangeweza kucheka namna ile, kwa sababu nilikuwa nimemnyima hesabu. Nilimpa tamaa, nikadhani nimempa sababu. Kumbe tamaa ni neno la mtu anayetazama kutoka nje ya ghala. Aliye ndani ana kilo 100 za kutafuta kabla ya Ijumaa.

Basi nikamwondolea pikipiki. Saa ikaondoka, kitambi kikaondoka. Akapata jina, Hamisi, na Kasorobo likabaki kuwa jina analoitwa akiwa hayupo. Akapata daftari la pili. Hilo sikulipanga, lilijitokeza nilipokuwa naandika ukurasa ambao yuko peke yake usiku akijumlisha namba: la kwanza ni daftari la chama, la pili ni dogo, la shule, limefichwa chini ya godoro, na humo ameandika kila kilo aliyomkata kila mtu, jina kwa jina, kwa nia ya kurudisha kama lori litafika bila pengo. Msimu baada ya msimu ana nia hiyo. Mtu mwenye daftari la namna hiyo si mwizi kama nilivyomtaka, wala si mwaminifu. Kwa mara ya kwanza sikujua atafanya nini kesho yake asubuhi.

Lakini msuko wote ulikuwa umejengwa juu ya wizi wake. Kumwondoa mwovu kwenye hadithi ya namna ile ni kama kuchomoa nguzo ya kati ya nyumba ya udongo: kuta zinabaki zimesimama siku mbili tatu, unaweza hata kujidanganya kwamba zitasimama daima. Siri ya kufichuka haikuwepo tena, kwa sababu kila mkulima anajua mizani inapunguza. Hasira ilikosa wa kumwangukia. Moto haukuwa na wa kuuwasha. Zile sura za mwishoni, ambazo nilizipenda kwa sentensi zake, nikazifuta. Sitaki kujifanya jasiri. Nilizihifadhi kwenye faili jingine, na najua sitalifungua.

Hapo ndipo mwaka wenyewe ulipoanza kufanya kazi. Msimu ule wa 2018 si wa kubuni. Wakulima wa kusini waliikataa bei ya wanunuzi minadani, mnada ukavunjika, na mwezi Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazisomba. Malori ya jeshi yakaingia vijijini. Kisha ukaja uhakiki: mkulima aonyeshe shamba, mikorosho ihesabiwe, ionekane kama inaweza kuzaa kilo alizoandikisha. Waliokuwa wakisakwa ni watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa mkulima mwenye shida, kwa bei ya kutupa, nje ya mfumo rasmi, kisha wanaziingiza chamani kama zao. Wengi walikaa wakisubiri malipo hadi mwaka uliofuata.

Katika rasimu ya kwanza mambo haya yote yalikuwa mandhari tu. Malori ya jeshi yalipita kwa mbali, yakatoa vumbi zuri la kusimuliwa. Hamisi alipopata hesabu zake, malori yale yakasimama mbele ya mlango wake. Maana zile kilo alizokuwa amezikata kwa tahadhari, mwaka huu zimebaki, ziko ghalani, na hazina mwenyewe. Kila kilo sasa inatakiwa iwe na jina na shamba. Akizitaja, amekiri kukata. Akinyamaza, kuna korosho zisizo na mkulima, na korosho zisizo na mkulima ni kangomba. Daftari dogo chini ya godoro, lililokuwa ushahidi wa nia njema, limegeuka ushahidi wa jambo baya kuliko lile alilolifanya. Sikulibuni hilo kwa kukaa na kuchora mishale. Lilitoka lenyewe pale mtu na mwaka wake walipokutana mlangoni, na nilichofanya ni kuacha kumtangulia.

Somoe naye akabadilika, na huyu ndiye aliyenipa taabu zaidi. Ni rahisi kumwonea huruma mwovu aliyepewa sababu; waandishi wengi wanafika hapo na kujipongeza. Kazi ngumu ni kumwondolea aliyeonewa utakatifu wake. Mjane wa sura ya tatu hakuwa na kosa lolote, na kwa hiyo hakuwa na siri, wala hila, wala sauti isipokuwa ya kilio. Nikajiuliza mwanamke huyu alikula nini mwezi Agosti, kabla korosho hazijaanza kudondoka. Jibu lilikuwa karibu. Alikula fedha ya kangomba. Aliuza sehemu ya korosho zake zikiwa bado maua, kwa mtu aliyekuja na fedha taslimu siku mtoto wake alipotakiwa kurudi shule. Sasa wahakiki wanakuja kuhesabu mikorosho, na kilo za Somoe hazilingani na miti ya Somoe. Aliyepunjwa na mizani ana sababu yake ya kutotaka mizani ichunguzwe. Yeye na Hamisi, kila mmoja ana siri ambayo mwenzake anaweza kuiangusha kwa sentensi moja, na wanasalimiana kila asubuhi: "Shikamoo, Bi Somoe." "Marahaba, mwanangu, za huko chamani?"

Salamu hiyo sasa ina uzito kuliko ghala zima la moto nililolifuta.

Shangazi yangu, ambaye ana mikorosho yake na kumbukumbu yake ya msimu ule, alisomewa sura kadhaa. Alisikiliza hadi mwisho akichambua mchele, kisha akauliza, "Kwa hiyo unamtetea?" Nikaanza kueleza mambo ya unyaufu. Akanikatiza. "Unyaufu naujua kabla hujazaliwa. Nakuuliza, kilo zangu ziko wapi?"

Sina jibu la kumshinda, na sitaki kulitafuta, kwa sababu swali lake ni halali na riwaya isiyoweza kulibeba ni riwaya ya mjini. Kuna uandishi unaojidai kuelewa kila mtu hadi hakuna aliyemfanyia mwenzake lolote. Mwizi anakuwa "zao la mfumo", mjane anakuwa "mwathirika wa mazingira", na mwandishi anakuwa mtu mwema. Kuirudisha hukumu nyuma si kuifuta kesi.

Aliyeliona hili vizuri ni Chinua Achebe, na alifika huko kwa kukata. Mswada wake wa kwanza, aliokuwa nao alipokwenda London kwa mafunzo ya utangazaji mwaka 1956, ulikuwa ukisimulia vizazi vitatu vya familia moja. Akauona umepita juu juu. Akakata, akabaki na kizazi cha kwanza peke yake, akakirudia hadi kikawa Things Fall Apart, mwaka 1958. Mjukuu wa Okonkwo, mhusika mkuu wa kitabu hicho, akasubiri hadi 1960, akapata kitabu chake, No Longer at Ease. Kizazi cha katikati, cha yule mwana wa Okonkwo aliyekwenda kwa wamisionari, hakikupata kitabu chake hata leo. Tunaposema kufikiria upya riwaya tukumbuke pia hilo: kuna mtu mzima, na maisha yake yote, aliyeachwa nje ili wengine wawili wasimame.

Lakini ninachokiendea ni namna kitabu hicho cha pili kinavyofunguka. Kinaanza mahakamani. Obi Okonkwo, kijana msomi aliyerudi kutoka Uingereza, mtumishi wa serikali katika bodi ya ufadhili wa masomo, amepatikana na hatia ya kupokea rushwa. Hukumu iko ukurasa wa kwanza. Jaji anashangaa hadharani jinsi kijana mwenye elimu na matumaini kama yake alivyofika hapo, na kitabu kizima kinachofuata ni jibu ambalo jaji hatalisikia. Jibu lenyewe ni la fedha ndogo ndogo: mkopo wa chama cha watu wa kijijini kwao, bima ya gari, mama hospitalini, karo ya mdogo wake, mimba ya mchumba. Unajumlisha pamoja naye, ukurasa kwa ukurasa. Ukimaliza, Obi bado ana hatia. Achebe hajamwondolea hata pauni moja. Alichofanya ni kuiweka hukumu mbele, mahali ambapo haiwezi tena kujifanya mwisho wa hadithi.

Nilipokisoma tena kwa ajili ya Hamisi, nilikaa sana na zile bili. Shangazi angekubaliana na kitabu hicho, kwa sababu hakijaribu kumwambia kwamba kilo zake hazikupotea.

Kuna pia swali la wakati wa kuacha kurekebisha. Ngũgĩ wa Thiong'o aliirudia A Grain of Wheat karibu miaka 20 baada ya kuitoa. Toleo la 1967 lina tukio la daktari wa Kizungu kubakwa na wapiganaji. Toleo la 1986 limeliondoa. Mwandishi alikuwa amebadilika, ameielewa vita ya kupigania uhuru wa Kenya na watu wake kwa jicho jingine, na hakutaka wapigania uhuru wabaki na doa hilo. Namwelewa, na bado sina raha na badiliko hilo. Ukubwa wa riwaya ile uko kwa Mugo, mtu ambaye kijiji kizima kinamwona shujaa na kumbe ndiye aliyemsaliti mpigania uhuru Kihika. Kitabu kinachotufundisha kuwatilia shaka mashujaa, kisha kinawasafisha baadhi yao katika chapa ya pili, kinajipunguzia nguvu yake chenyewe. Kurudi kwenye mswada si lazima kuwe kwenda mbele. Yawezekana mtu akarudi na hukumu mpya, yenye nia safi kuliko ya zamani, na ikawa hukumu vilevile.

Vijana wanaoandika hadithi za kuendelea kwenye simu hawana anasa hizi. Sehemu ya 14 imekwisha kutumwa kwenye kundi la WhatsApp, wasomaji wameshalipia kwa M-Pesa, na ukigundua katika sehemu ya 20 kwamba uliyemuua katika ya 14 ulikuwa unamhitaji, itabidi awe alizirai tu. Watu wanawacheka kwa hilo. Mimi nawaonea wivu kidogo. Wanalazimika kuishi na walichokiandika, kama Hamisi na stakabadhi zake, na mara nyingine mtu anayefufuliwa kwa aibu namna hiyo anarudi akiwa na mengi ya kusema kuliko alipokuwa hai.

Kwangu mimi faili bado liko wazi. Mahakama ya Hamisi sijaiandika na huenda nisiiandike. Niliyonayo ni sura ya kumi na mbili, ambapo Somoe, siku mbili kabla ya wahakiki kufika, anaamua kuzipima mwenyewe korosho zilizobaki nyumbani kwake, ili akisimama mbele ya Hamisi awe na namba yake mdomoni. Anahitaji mizani. Kijijini ziko mbili. Ya kwanza ni ya chama. Ya pili iko kwenye bucha, na muuza nyama ataitoa bila maneno mengi kwa mjane wa rafiki yake. Isipokuwa kwamba wiki iliyopita, nikitafuta nani hasa alimletea Somoe zile fedha za Agosti, kila njia niliyoifuata ilinifikisha kwa muuza nyama.